MBIO ZA SAKAFUNI: Ndege za kivita zipitazo sauti, na funzo la kutoka Entebbe hadi Koboko



Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii ilisemwa kabla injini ya ndege haijabuniwa, lakini ni vigumu kupata nyingine inayolifaa zaidi suala ambalo wakuu wa majeshi ya anga duniani wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka sabini. Suala lenyewe ni hili: ndege ya kivita inaweza kwenda mbio kuliko sauti, na jambo hilo halina ubishi tena, lakini inaweza kudumu katika mbio hizo kwa muda gani, na ikishafika ukingoni mwa mafuta yake inabakiwa na nini? Jibu halimo katika vitabu vya wahandisi wa Ulaya na Marekani peke yake. Sehemu yake kubwa imeandikwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, kuanzia Entebbe hadi Kagera, na kutoka Kagera hadi Arua na Koboko.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lieleweke. Askari yeyote aliyepata kuutazama mzinga ukipigwa kutoka mbali anajua kwamba moshi huonekana kwanza, na mlio hufuata baadaye. Sauti husafiri, nayo ina mwendo wake. Karibu na usawa wa bahari mwendo huo ni takriban kilomita 1,225 kwa saa. Juu sana, kwenye mita 11,000 ambako hewa ni baridi kali, hupungua ukawa kama kilomita 1,060 kwa saa. Kipimo cha mwendo huo kimepewa jina la mtaalamu wa Austria, Ernst Mach: ndege iendayo sawa na sauti huhesabiwa Mach 1, na iendayo mara mbili ya sauti huhesabiwa Mach 2. Kama ndege ingepita juu ya Manibe, jirani na mji wa Arua, kwa mwendo wa Mach 2 katika kimo hicho ikielekea kaskazini, mkulima aliyeko shambani asingesikia chochote wakati inapita juu ya kichwa chake. Mshindo ungemfikia baadaye, wakati ndege yenyewe imekwisha kula kama nusu ya njia ya kwenda Koboko.

Binadamu wa kwanza kuipita sauti katika mwendo wa kunyooka alikuwa rubani wa Marekani, Chuck Yeager, tarehe 14 Oktoba 1947. Chombo chake, Bell X-1, kilibebwa na ndege kubwa ya mabomu, kikaachiwa angani, kikawasha injini ya roketi, na baada ya dakika chache tu mafuta yakawa yamekwisha. Hivyo tangu siku ile ya kwanza mambo mawili yalizaliwa pamoja: uwezo wa kuipita sauti, na ufupi wa muda wa kuipita.

Ufupi huo una sababu. Ndege inapoikaribia kasi ya sauti, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kujitenga. Hujikusanya ikawa kama ukuta, na kuusukuma ukuta huo kunahitaji nguvu nyingi mno. Wahandisi walipata njia ya kuongeza nguvu hiyo kwa kunyunyiza mafuta nyuma ya injini, katika hewa ya moto inayotoka, na kuyawasha kwa mara ya pili. Huo ndio ule ulimi mrefu wa moto unaoonekana nyuma ya ndege ya kivita inaporuka. Moto huo wa pili huongeza nguvu kwa zaidi ya nusu, lakini hunywa mafuta zaidi ya mara tatu ya kawaida. Ni sawa na mtu anayepika chungu kimoja kwa kuni za wiki nzima: chakula kitaiva upesi, lakini kesho hapatakuwa na cha kuwashia jiko.

Mfano ulio wazi ni ndege ya MiG-21 iliyoundwa katika Muungano wa Kisovieti na kuanza kazi jeshini mwaka 1959. Zaidi ya 10,000 ziliundwa katika Muungano wa Kisovieti peke yake, na hakuna ndege nyingine ya kivita ipitayo sauti iliyopata kuundwa kwa wingi kama huo. Aina ya MiG-21 iliyofika Afrika Mashariki ilikuwa na injini moja yenye nguvu ya kilo 4,070 bila moto wa pili, na kilo 6,490 ukiwashwa. Kwa nguvu hiyo iliweza kufika Mach 2. Lakini matangi yake ya ndani yalibeba kama lita 2,600 za mafuta, na rubani aliyeuacha moto wa pili ukiwaka aliweza kuhesabu kwa dakika muda uliobaki kabla ya kutafuta uwanja wa kutua. MiG-21 ilikuwa kama mwanariadha wa mita mia: hakuna wa kumshinda katika mita mia hizo, lakini haulizwi habari za safari ya siku nzima.

Mataifa makubwa yalitafuta dawa ya udhaifu huu, yaani ndege itakayodumu kupita sauti bila kuwasha moto wa pili. Mwezi Agosti 1954 ndege ya majaribio ya Uingereza, ile iliyokuja kuzaa ndege ya kivita ya Lightning, iliipita sauti bila moto huo. Ndege ya abiria ya Concorde, iliyoundwa na Uingereza na Ufaransa na kuanza kuchukua abiria mwezi Januari 1976, iliuwasha moto wa pili wakati wa kuruka na wakati wa kuukata ule ukuta wa hewa tu, kisha ikaenda kwa Mach 2 kwa muda mrefu kuvuka bahari ya Atlantiki. Nayo iliacha kuruka mwaka 2003. Upande wa ndege za kivita, iliyolitimiza jambo hili kwa ukamilifu ni F-22 ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 2005, ambayo hudumu katika Mach 1.5 na zaidi bila moto wa pili. Faida yake ni dhahiri. Huwahi, hurusha kombora lake mbali zaidi kwa kuwa limekwisha pewa kasi, na hubakiwa na mafuta ya kurudia nyumbani. Lakini ni ghali mno, hata Marekani yenyewe ilisimama baada ya kupokea 187 za kazi, na kwa sheria yake haikuiuzia nchi nyingine yoyote. Na ndege hii ya ajabu, ilipopata kuangusha kitu angani katika kazi halisi kwa mara ya kwanza, ilikuwa tarehe 4 Februari 2023, na kitu chenyewe kilikuwa puto la China, lililokuwa likipeperushwa na upepo.

Sasa turudi Afrika Mashariki, ambako mafunzo ya jambo hili yalilipiwa kwa damu.

Idi Amin, ambaye nasaba yake ni ya Koboko, alitwaa madaraka ya Uganda tarehe 25 Januari 1971. Katika miaka iliyofuata serikali yake ilipata ndege za MiG-21 kutoka Muungano wa Kisovieti, juu ya zile MiG-17 zilizokuwapo tangu miaka ya 1960. Kwa hesabu ya makaratasi, Uganda ilikuwa na mojawapo ya majeshi ya anga yenye kuogopwa katika sehemu hii ya Afrika. Kutoka Entebbe hadi Arua kwa mstari wa kunyooka ni kama kilomita 370. Kwa Mach 2 ndege ingezimaliza kwa dakika kumi na nusu. Hapana shaka hesabu za namna hiyo ziliwafurahisha wakubwa wa wakati ule.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya abiria ya Air France ilitekwa nyara baada ya kuruka kutoka Athens, na siku iliyofuata ikatua Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, ndege nne za Israel aina ya Hercules zilitua katika uwanja huo huo zikiwa na makomando. Hercules ni ndege ya mizigo. Ina mapanga manne, na mwendo wake wa safari ni kama kilomita 540 kwa saa, yaani chini ya nusu ya kasi ya sauti. Ndege hizo zilisafiri zaidi ya saa saba kutoka Sharm el-Sheikh. Zilikuja polepole, zikatua, makomando wakashuka na gari la Mercedes jeusi ili walinzi wadhani ni msafara wa mkubwa, na katika muda usiofika saa mbili kazi yao ikawa imekwisha: mateka 102 walichukuliwa. Kabla ya kuondoka waliziteketeza ndege kadhaa za MiG zilizokuwa zimeegeshwa uwanjani, zisije zikawafuata.

Hapo yafaa kila askari atafakari. Kutoka Entebbe hadi Nairobi, ambako Hercules zile zilikwenda kujaza mafuta, ni mwendo wa kama saa moja kwa ndege ya namna hiyo. MiG-21 iliyo tayari, yenye rubani aliye tayari, ingeweza kuifikia ndege ya mapanga katika sehemu ndogo ya saa hiyo. Kazi kama hiyo ndiyo hasa iliyoundiwa: kukimbia upesi kwa muda mfupi na kumzuia adui. Lakini saa yake haikufika kamwe. Ndege ya Mach 2 iliyolala chini bila ulinzi wa kweli ni chuma tu, na mwendo wake ni sifuri. Haikushindwa na ndege yenye mbio kuliko yake. Ilishindwa ardhini, kwa rada isiyotoa habari kwa wakati, na kwa lindo lisilokuwa tayari.

Miaka miwili baadaye funzo la pili lilikuja. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania kupitia Kagera, katika mkoa ulioitwa wakati ule Ziwa Magharibi, na ndege zake zikapiga mabomu Bukoba. Hasara ya mabomu hayo haikuwa kubwa. Sababu moja ni kwamba ndege iliyosheheni mabomu chini ya mbawa haiendi kwa ile kasi iliyoandikwa katika vitabu. Huenda chini ya kasi ya sauti kama nyingine. Na kadiri rubani anavyoongeza mwendo karibu na ardhi, ndivyo shabaha inavyompita kabla hajaiona vyema. Katika vita vya Vietnam mambo yalikuwa hayo hayo: ndege zenye uwezo wa mara mbili ya sauti zilipigana kwa miaka, lakini mapambano yao mengi yalifanyika chini ya kasi ya sauti.

Tena askari wa Tanzania walikuwa na makombora ya Strela, ambayo mtu mmoja huyabeba begani. Kombora hilo hufuata joto. Ule moto wa pili unaoipa ndege mbio zake ndio pia unaomwonyesha mpigaji mahali pa kulielekeza kombora lake. Ndege kadhaa za Amin ziliangushwa kwa silaha hiyo. Hivyo silaha ya bei nafuu, mikononi mwa kijana wa miguu aliyefundishwa akafundishika, iliipunguzia thamani mitambo ya mamilioni.

Libya nayo ilipokuja kumsaidia Amin ilileta ndege ya mabomu ya Tu-22, mojawapo ya ndege kubwa chache za wakati ule zilizoweza kuipita sauti. Tarehe 29 Machi 1979 ndege hiyo ilitumwa kushambulia ghala la mafuta mjini Mwanza. Silaha zake ziliukosa mji, zikaangukia Kisiwa cha Saanane, ambako wanyama walikuwa wakihifadhiwa. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo, na swala kadhaa wakafa. Ghala la mafuta halikuguswa. Kutoka Uganda hadi Mwanza ni safari ya dakika chache kwa ndege ya namna ile; kufika hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kujua mahali pa kupiga, na kupapiga.

Tarehe 7 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka uwanja wa Entebbe, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa imeanguka. Ndege za MiG zilizosalia ziliangukia mikononi mwa washindi, na jeshi la anga la Amin likawa limekwisha. Amin mwenyewe alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, ambako alifariki mwaka 2003. Askari wa miguu waliendelea kaskazini, wakavuka Naili Pakwach, wakaingia Arua, wakaingia Koboko, na tarehe 3 Juni 1979 wakaufikia mpaka wa Sudan. Kutoka Mutukula, mji wa mpakani walioutwaa mwezi Januari, hadi Koboko, ndege ya Mach 2 ingetumia kama dakika kumi na nne. Wao walitumia miezi zaidi ya minne, wengi wao kwa miguu. Lakini dakika kumi na nne hazikuitwaa nchi, na miezi minne iliitwaa.

Wala hesabu haikuishia hapo. Watu wengi wa West Nile, wasiokuwa na kosa lolote isipokuwa kutoka mkoa mmoja na mtawala aliyeanguka, walilazimika katika miaka iliyofuata kukimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojikinga katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, walipigwa risasi na askari wa serikali ya wakati ule, na wengi wakafa. Kazi hiyo ya aibu haikuhitaji ndege wala rada. Ilifanywa kwa bunduki ya kawaida katika mikono isiyokuwa na nidhamu. Ndiyo maana haiwezekani kuzungumzia nguvu za silaha bila kuzungumzia tabia ya mwenye kuibeba; kwani raia wa Manibe au wa Koboko hamjui rubani aliyeko mita 11,000 juu yake. Anamjua askari anayesimama mlangoni pake.

Je, maana ya haya yote ni kwamba ndege ziendazo mbio hazifai? Hasha. Nchi inayotazamwa na majirani wengi na yenye anga pana haiwezi kuiacha anga hiyo bila mlinzi. Kenya ilipata ndege zake za F-5 mwaka 1978, na mwaka 2011, miaka zaidi ya thelathini baadaye, bado zilikuwa zikipiga mabomu dhidi ya Al-Shabaab nchini Somalia, kwa sababu zilitunzwa. Uganda nayo, kati ya mwaka 2011 na 2012, ilipokea ndege sita za Su-30 kutoka Urusi, katika mapatano ya takriban dola milioni 740 pamoja na silaha na vifaa. Su-30 ni ndege ya injini mbili, kila moja na nguvu ya kilo 12,500 moto wa pili unapowaka, na inaweza kufika karibu Mach 2. Tofauti yake kubwa na MiG-21 ni pumzi. Kwa mafuta yake ya ndani peke yake, ikienda chini ya kasi ya sauti, inaweza kusafiri kama kilomita 3,000. Lakini nayo haijaepukana na methali: ikitaka kuipita sauti huwasha moto wa pili, na ukiwaka, mafuta huteketea kama zamani.

Majeshi ya Uganda yalipoingia mashariki ya Kongo tarehe 30 Novemba 2021 kuwafuata waasi wa ADF, kazi ilianza kwa mashambulizi ya ndege na mizinga. Baada ya hapo ilibidi askari waingie msituni kwa miguu, kijito kwa kijito, kwa kuwa msitu hausalimu amri kwa mshindo wa angani.

Ndugu askari, mwenye kuyapima mambo haya kwa haki ataona kwamba kila shilingi iwekwayo katika kasi ya ndege huhitaji nyingine ya kuilinda. Inahitaji fundi aliyefunzwa na vipuri ghalani, rada inayofanya kazi usiku, rubani anayepewa saa za kutosha za kuruka, na mlinzi wa uwanja ambaye gari likija, liwe jeusi au jeupe, liwe la mkubwa au la mdogo, hulisimamisha na kuuliza. Nchi inayonunua kasi bila kununua mambo haya imenunua gwaride. Gwaride hupendeza siku ya sherehe, na siku ya vita halimsaidii mtu.

Mataifa tajiri yataendelea kutafuta ndege zitakazodumu katika mbio zao kwa saa nyingi, na huenda wakazipata nyingi zaidi. Afrika Mashariki nayo itanunua kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini Entebbe mwaka 1976 ndege ziendazo polepole ziliwakuta walinzi hawako tayari, na usiku ule hakuna injini iliyoweza kulipa deni la lindo. Askari aliyeko zamu usiku huu katika uwanja wowote wa ndege, awe Entebbe, Gulu au Arua, na akumbuke kwamba ndege ya mamilioni iliyoko nyuma yake haina mwendo wowote mpaka asubuhi, na kwamba saa hizo zote usalama wake uko katika macho yake yeye.